Vidonge vya bluberi vya kumbukumbu: uzoefu wangu na mama

Navipa nyota mbili kati ya tano. Chupa ya vidonge 60 niliipata kwa shilingi 95,000 kwa muuzaji wa mtandaoni Dar es Salaam, anayevitangaza kuwa vinarudisha kumbukumbu za wazee. Mama yangu ana miaka 74 na alikuwa akivimeza asubuhi na jioni.

Alikuwa ameanza kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, na mchuzi anautia chumvi halafu anautia tena. Huyu ni mtu aliyeuza vitenge kwa mkopo miaka mingi bila daftari, madeni ya mtaa mzima yako kichwani. Tulipoona amesahau nani anadaiwa, nyumba nzima iliingiwa hofu.

Habari ya bluberi yenyewe si uzushi. Mwaka 2023 watafiti wa King's College London na Chuo Kikuu cha Reading walitoa matokeo ya wazee 61 wenye afya, wa miaka 65 hadi 80. Kundi moja lilikunywa kila siku gramu 26 za unga wa bluberi za mwituni kwa wiki 12. Namba ya juu ya kipimo cha presha yao ilishuka kidogo, na wakafanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya majaribio ya kumbukumbu na umakini. Katika unga ule mlikuwa na miligramu 302 za anthosayanini, ile rangi inayoyafanya matunda haya yawe ya zambarau.

Sasa tazama vidonge vyetu. Kimoja kina miligramu 500, na humo humo wamechanganya bluberi, jinko (majani ya mti wa ginkgo) na chai ya kijani, bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Nilikipasua kimoja juu ya sahani nyeupe: unga wa kahawia iliyopauka, haukufika hata nusu kijiko cha chai. Niliukoroga kwenye maji nikakamulia ndimu. Rozela, yenye anthosayanini pia, ukiikamulia ndimu inawaka nyekundu papo hapo. Haya maji yalibaki na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Hicho si kipimo cha maabara, najua, lakini kilinitia shaka. Dondoo iliyokolezwa vizuri inaweza kubeba mengi ndani ya kidonge kidogo, na ndiyo maana miligramu za anthosayanini zilipaswa kuandikwa kwenye chupa. Hazikuandikwa popote.

Chupa ya kwanza iliisha, chumvi bado inatiwa mara mbili. Chupa ya pili ilikuwa imeanza tu pale mfamasia wa karibu na nyumbani aliposoma kibandiko na kuuliza mama anatumia dawa gani nyingine. Anatumia aspirini. Jinko pamoja na aspirini vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, kwa hiyo tukaacha siku ile ile. Muuzaji hakuwahi kutuuliza swali hilo, na hilo limeniudhi kuliko bei.

Mfamasia ndiye aliyetusukuma kliniki. Daktari alimpa mama maneno matatu ayakumbuke, akamwambia achore uso wa saa, kisha akaagiza kipimo cha damu. Mama ana kisukari na amemeza metformini miaka mingi, na dawa hiyo inaweza kushusha vitamini B12 mwilini. Yake ilikuwa chini sana, na upungufu huo unaweza kumfanya mtu awe msahaulifu. Akaanzishiwa sindano. Siku hizi ananikumbusha mimi nani hajalipa. Si kila usahaulifu wa uzeeni una sababu hii, lakini kipimo cha damu kilipaswa kutangulia vidonge vyovyote.

Matunda hatujayaacha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 16,000 wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta waliokula bluberi na stroberi zaidi akili zao zilififia polepole zaidi. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi kwamba matunda ndiyo sababu. Anthosayanini zimo pia kwenye zambarau na forosadi, na za Lushoto zikifika sokoni mama anakula bakuli dogo, kwa kuangalia sukari yake.

Nimemwomba muuzaji karatasi ya maabara inayoonyesha kilichomo ndani ya kidonge. Akiituma, nitaongeza miligramu hapa.