Uzi wa DMC Mouliné: unachonunua hasa ni nambari

Watu wakiona kazi zangu huanza kwa kuulizia sindano. Sindano ni sindano, mradi tundu lake lipitishe uzi bila kuuchubua. Swali la maana ni la uzi. Mimi natarizi majina kwenye foronya, maua kwenye shuka za watoto wachanga na pindo za vitambaa vya meza, yaani vitu vinavyofuliwa mara kwa mara na kupigwa pasi ya moto. Kwa kazi hizo nimeng'ang'ania uzi mmoja, Mouliné Spécial wa kampuni ya DMC, na hapa nitausema ulivyo.

Kwa asiyeujua: ni uzi wa pamba, huuzwa kwa vifungu vidogo vya mita 8 vilivyobanwa kwa vikaratasi viwili. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba sita zilizolazwa pamoja kwa msokoto hafifu, ili wewe mwenyewe uzitenganishe uchukue unazotaka. Mshono wa msalaba kwenye kitambaa cha Aida cha 14, kile chenye visanduku 14 kwa kila inchi, huchukua nyuzi mbili. Ndevu za paka au mshipa wa jani, mmoja. Ua linalotakiwa lijae, tatu au hata nne. Piga hesabu uone: kifungu kimoja kinakupa mita 48 za uzi mmoja mmoja, au mita 24 ukishona kwa nyuzi mbili. Kwa jina la mtoto kwenye foronya hiyo ni akiba ya kutosha. Kwa kujaza mandhari nzima ya bahari au anga, utaona kifungu kimekwisha hata hujafika pembeni.

Cha kwanza kinachoonekana kwa macho ni mng'ao. Pamba kwa asili yake haing'ai. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikitiwa katika maji makali ya kostiki soda huvimba, hupata nguvu na kunywa rangi vizuri zaidi. Akaipatia hataza mwaka 1850. Mng'ao haukuwa hoja yake. Huo ulikuja baadaye, mwaka 1890, Horace Lowe alipofanya jambo lile lile huku pamba ikiwa imekazwa isiweze kusinyaa. Ndiyo maana ukilaza nyuzi hizi sambamba kwenye petali ya ua, taa inatembea juu yake kila ukigeuza kitambaa. Lakini zilale kweli. Zikipindana, mng'ao unakatika na petali inaonekana kama imekwaruzwa.

Hapo ndipo wengi wanapoulaumu uzi bure. Kata kipande kisichozidi sentimita 45 hivi, shika ncha ya uzi mmoja, uvute kwenda juu moja kwa moja. Zile tano zilizobaki zitajikunja kama zimefanya fundo, halafu uzi ukitoka tu zinajinyoosha zenyewe. Ukitaka nyuzi mbili, toa mmoja, kisha mwingine, ndipo uzilaze pamoja. Ukizivuta mbili kwa mpigo unajitafutia shida, na mtu asikudanganye kwamba atakuonyesha njia ya mkato. Katikati ya kazi, mara moja moja, iachie sindano ining'inie kwenye uzi wake, ijizungushe hadi msokoto uishe.

Tuje kwenye rangi, maana mteja haji kuulizia mng'ao, huja kulia kuhusu rangi. Nilinunua wakati fulani pakiti kubwa ya nyuzi za rangi chungu nzima, isiyo na jina la maana. Kwenye karatasi yake walikuwa wamechapisha nambari zile zile ambazo DMC huitambulishia kila rangi yake. Nyekundu yake nikaishonea ukingo wa kitambaa cheupe cha majaribio, nikakiloweka kwenye maji moto yenye sabuni. Maji yakageuka rangi ya waridi, na kuzunguka kila mshono kukabaki kivuli cha pinki ambacho hakikutoka tena. Nikafanya vivyo hivyo kwa 321 ya DMC, nyekundu ya kawaida ambayo kila mtarizi anayo. Nikakikausha kitambaa juu ya taulo jeupe, na taulo halikupata hata alama. Bado nashauri kila nyekundu iliyokoza na kila bluu ya giza ijaribiwe kwanza kwenye kitambaa kile kile utakachotumia. Kazi ya mtu si mahali pa kubahatisha.

Kingine kilichonikera katika ile pakiti ni kwamba nambari ilikuwa ya kupachika tu. Rangi iliyoitwa 3325 ilikaribia kuwa kijani. Kwenye orodha ya DMC 3325 ni bluu laini ya mtoto mchanga, na mama aliyeshonewa shuka ya mtoto wa kwanza kwa 3325 akirudi na ujauzito wa pili, nachukua kifungu kipya, naendelea. Ndiyo sababu nasema nambari ndiyo unayoinunua. Uzi wenyewe wanaweza kuutengeneza wengi. Kinachonilipa ni kwamba 310 ni nyeusi hii hii leo na ikifika mwakani, na mtu aliyechora ramani ya mshono upande mwingine wa dunia akiandika 310 tunaona kitu kimoja.

Rangi hizo ziko 500. Zile 35 zenye nambari kuanzia 01 hadi 35 ziliongezwa mwaka 2017, kwa hiyo ukiona kadi ya rangi isiyokuwa nazo, hiyo ni ya zamani. Nambari hazifuati ukoo wa rangi: 304, 321, 498 na 816 zote ni nyekundu, ingawa kwa hesabu zimetawanyika. Nyeupe nayo haiko moja. B5200 ni nyeupe pe, inayopiga macho. Ile iliyoandikwa Blanc ni ya upole zaidi, na Ecru ina umanjano wa pamba. Shonea B5200 kwenye kitani kisichopaushwa uone inavyojitangaza.

Uzi unaobeba maelezo yake si mambo mapya kwa kazi hii. Neno tarizi limetujia kwa Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Tiraz ilikuwa mistari ya maandishi iliyopamba mavazi ya heshima waliyotunukiwa watu na makhalifa wa Abbasia na wa Fatimiya: jina la khalifa, dua, na mara nyingine karakana iliposhonewa na mwaka. Mtu anaisoma nguo, anajua imetoka wapi. Mimi nasoma kikaratasi cha kifungu. Ndiyo maana naona uchungu watu wanapokivua na kukitupa, kisha wanaleta uzi mkononi wakiuliza, "Dada, hii ni nambari ngapi?" Tafuta ncha iliyolegea upande wa chini, uvute polepole, kikaratasi kibaki mahali pake. Ukipendelea kuuzungushia kwenye kibao, andika nambari kwanza.

Kampuni yenyewe ina umri. Ilianzishwa Mulhouse mwaka 1746, wakati mji huo ukiwa bado haujaingia Ufaransa, na ilianza kwa kuchapa vitambaa, siyo kwa uzi. Herufi DMC zinatokana na Dollfus-Mieg et Compagnie, baada ya Daniel Dollfus kumwoa Anne-Marie Mieg mwaka 1800.

Nani asiununue? Anayejifunza kushika sindano aanze na uzi wowote alio nao, aharibu apendavyo. Anayetaka mistari minene iliyoinuka juu ya kitambaa atafute pamba ya perle, ambayo haigawanyiki na huuzwa kwa unene wa 3, 5, 8 na 12, na hapo nambari ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Na kwa kazi ya kujaza eneo kubwa la rangi moja, hesabu vifungu mapema uvinunue vyote kwa pamoja.

Seti kamili ya rangi 500 ni ya kuvutia kuitazama, lakini siipendekezi. Nusu yake itakaa tu. Kwa kuanzia ningechukua 310, Blanc, 321 na 3325, pamoja na kijani mbili zinazokaribiana, maana jani la rangi moja halikai kama jani. Nyingine ziongezwe ramani inapozitaja.