Collision Lab ya PhET: kwa momenta iko vizuri, kwa msukumo bado

Nafundisha tuisheni ya fizikia ya sekondari, na hakuna mada iliyokuwa ikinimalizia chaki kama migongano. Reli ya hewa na vigari vyake, vinavyoteleza karibu bila msuguano ili kuonyesha migongano, ni vifaa vya shule chache mno. Ndiyo maana nikahamia Collision Lab, programu ya bure ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Nobeli ya fizikia mwaka uliotangulia. Inafunguka kwenye kivinjari, haina matangazo, na ukishapakua faili lake huhitaji bando tena.

Unachagua tungamo na kasi ya kila mpira, unapanga unyumbufu, yaani jinsi mipira inavyodunda, kuanzia asilimia 0 hadi 100, kisha unaacha igongane.

Zoezi ninalolipenda: mpira wa kilo 1 unakwenda mita 1.5 kwa sekunde na kuugonga wa kilo 2 uliosimama. Unyumbufu ukiwa sifuri, mipira inanasana na kwenda pamoja kwa mita 0.5 kwa sekunde. Momenta, yaani tungamo mara kasi, ilikuwa 1.5, na imebaki 1.5. Nishati ya mwendo, ambayo ilikuwa kama jouli 1.13, imeshuka hadi 0.38. Hapo darasa huanza kelele, kwa sababu wengi wanaamini momenta na nishati ni kitu kimoja, kimoja kikibaki na kingine lazima kibaki. Theluthi mbili za nishati zimeondoka na momenta haikutikisika.

Kisha napandisha unyumbufu hadi asilimia 100. Mpira mdogo unarudi nyuma kwa mita 0.5 kwa sekunde, mkubwa unaondoka na mita 1, na nishati yote ipo. Kabla hawajapiga hesabu nawauliza: mpira mdogo umepata msukumo mkubwa zaidi uliponasa au uliporudi? Karibu wote husema uliponasa, eti kwa sababu ndipo ulipobanwa. Haya, tuhesabu; msukumo ni badiliko la momenta. Uliponasa, momenta yake ilitoka 1.5 hadi 0.5, badiliko ni 1. Uliporudi, ilitoka 1.5 hadi hasi 0.5, badiliko ni 2. Maradufu! Ile alama ya hasi waliyokuwa wakiitupa kwenye mitihani, sasa wanauona mshale wake umegeukia upande wa pili.

Lawama yangu ni kwamba mgongano unatokea papo hapo. Hakuna muda wa mguso wala grafu ya kani na muda, na bila hivyo msukumo unafundishika nusu tu. Ile nusu nyingine narudi ubaoni: abiria wa kilo 60 kwenye gari linalokwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, ana momenta ya 900. Mkanda ukimsimamisha kwa sekunde 0.1, kani ya wastani ni niutoni 9,000. Akisimamishwa na dashibodi kwa sekunde 0.01, ni niutoni 90,000. Msukumo ni uleule, mkanda umeongeza muda tu. Swali la aina hii mitihani inalipenda, na programu haigusi kabisa.

Pia nishati inayopotea inapungua kwenye kipimo bila kuonyeshwa imekwenda wapi. Usiposema mwenyewe habari za joto, sauti na kubonyea kwa vitu, mwanafunzi ataondoka akidhani imetoweka duniani.

Kwenye simu ndogo vitufe vinabanana, kwa hiyo tafuta tableti au projekta. Na ukurasa wa migongano ya vipimo viwili, ambako mipira haiendi kwenye mstari mmoja tu, msiufungue kabla hawajajua kutenganisha vekta. Wangu waliuona tu, somo likageuka mashindano ya pool.