Kikomo cha mita au uwiano wa sakafu?

Jiji likitaka kudhibiti urefu wa majengo ya makazi, laweza kutaja mita, basi. Paris ilifanya hivyo mwaka 1977, baada ya mnara wa Montparnasse wenye zaidi ya mita 200 kuwakera wengi: mita 37, usipite. Jirani anajua jua litafika dirishani pake. Ila mjenzi hubana dari ili apenyeze ghorofa moja zaidi.

Njia ya pili ni uwiano wa sakafu na kiwanja, ulioingia New York mwaka 1961. Uwiano ukiwa 3, kiwanja cha mita za mraba 500 kinapata sakafu za jumla ya mita za mraba 1,500: tatu zinazojaza kiwanja chote, au sita zinazokalia nusu yake, nusu nyingine ikabaki bustani. Mchoraji wa jengo anapumua. Lakini ujanja haukosi! Vyumba vya mitambo havikuhesabiwa, basi wajenzi wakavirefusha kupita kiasi ili nyumba za juu zipate mandhari, mpaka jiji likabana mwaka 2019.

Kwenye vichochoro, mimi ningechagua mita. Karibu na stesheni, uwiano.