Bodi ya 74HC595 na ULN2803: transista ziko vizuri, mengine itabidi umalizie mwenyewe

Wakuu habari za saa hizi, hii nawaandikia mafundi wenzangu mnaotengeneza mbao za namba maana najua wengi mnazinunua hizi bodi na wengi zinawasumbua. Ni zile bodi ndogo za kijani zisizo na jina la kampuni, shifti rejista moja ya 74HC595 (chipu inayopokea data biti moja moja na kuitoa kwenye pini nane) na pembeni yake ULN2803 (chipu ya kubeba mkondo wa taa), unaziunga moja baada ya nyingine mpaka ufike unakotaka. Mimi nilichukua 24 Kariakoo, elfu sita moja, kwa kazi ya saa ya msikiti hapa Tanga. Saa yenyewe tarakimu nne, halafu swala tano tarakimu nne nne, kila tarakimu na bodi yake. Bodi hizi nazipa nyota tatu kati ya tano.

Upande wa nguvu sina neno. ULN2803 ni jozi nane za transista za Darlington, kila moja inabeba mpaka miliampea 500 na volti 50, na mimi segimenti moja (kijiti kimoja cha namba) inakula miliampea 20 tu. LED nyekundu nne zikifuatana zinachukua kama volti 8, transista yenyewe inabaki na karibu volti 1, kwenye volti 12 za adapta zinazobaki 3 zinaishia kwenye rezista ya ohm 150. Ukiishika haina hata joto. Msijaribu kuendesha segimenti za hivi na 595 peke yake, kikomo cha ile chipu nzima ni miliampea 70 na namba 8 ikiwaka yote ni 140.

Sasa shida. Nyumbani mezani iliwaka siku tatu haijakosea hata mara moja. Tukaifunga msikitini, Magharibi ya kwanza tu muadhini kawasha amplifaya ya adhana na pale pale safu mbili za chini zikawa vijiti vijiti, si namba si herufi, yaani muda ule ule ambao kila mtu anaangalia juu. Mzee mmoja akanifuata, "Fundi, hebu njoo uisome wewe, sisi imetushinda." Iliniuma sana, ilikuwa imebaki wiki moja Ramadhani ianze na watu wangefuturu kwa saa ile.

Nikaishusha. Cha kwanza nilichoona, hakuna kapasita ya nanofaradi 100, ile ya kutuliza umeme wa chipu, hata kwenye bodi moja, nafasi imechorwa kabisa ila hawajaweka kitu! Nikalehemu zote 24, miguu mifupi, karibu kabisa na pini 16 na 8, za umeme na graundi. Cha pili pini 13, ile ya kuruhusu matokeo, wameifunga moja kwa moja kwenye graundi, kwa hiyo umeme ukirudi 595 inaamka na takataka yoyote na transista zinaiwasha hivyo hivyo. Kwenye saa ni aibu tu, ila ukiwa umefunga rilei za pampu au geti ni hatari kweli. Nikakata njia kwa kisu, nikaweka rezista ya kilo-ohm 10 kwenda volti 5 ili matokeo yabaki yamezimwa, na waya mmoja kwenda Arduino (kompyuta ndogo inayoendesha saa), programu ikishatuma namba sahihi ndiyo inaishusha pini hiyo taa ziwake.

Cha tatu graundi, na hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Tarakimu zote zikiwaka ni zaidi ya ampea 3, na zote zinarudi kwa kijiwaya chembamba kile kile ambacho 595 inapimia kloki yake (mapigo yanayoiambia lini ipokee data), kwa hiyo taa zikibadilika graundi inayumba na chipu inahesabu kloki ambayo hakuna aliyeituma. Sasa kila safu ina waya wake mnene unaorudi moja kwa moja kwenye adapta. Kloki nikaiwekea ohm 100 pale inapotoka Arduino na katikati ya mnyororo nikaweka bafa ya 74HC125, chipu ya kuipa ishara nguvu upya. Angalieni hapa, ukiweka bafa kwenye kloki pitisha na data humo humo, mimi mwanzo niliweka kloki tu ikachelewa kidogo, data ikaiwahi na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo.

Kwenye programu nilikuwa natuma dakika ikibadilika tu, sasa natuma kila sekunde, hata ikikosea inajisahihisha kabla mtu hajamaliza kuisoma.

Baada ya hapo nilikaa msikitini Magharibi nne mfululizo nikiangalia amplifaya ikiwashwa na feni zote zinazunguka, haikuyumba. Ramadhani yote imepita na simu ya malalamiko sijapigiwa.

Kazi ijayo naijaribu TPIC6B595, shifti rejista na transista za DMOS ndani ya chipu moja, miliampea 150 kila tundu, kwa LED inatosha kabisa. Ila inataka ishara ifike asilimia 85 ya volti 5, wenye ESP32 (bodi nyingine kama Arduino) ya volti 3.3 msiiunge moja kwa moja, wekeni 74AHCT125 kati, inapandisha ishara hadi volti 5. Na muuzaji akikwambia hizi za kijani ziko tayari kufungwa, geuza bodi kwanza uangalie ile nafasi ya kapasita.