Bakuli la "miaka elfu" lenye gundi ya stika

Mimi ni fundi wa lipu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea mapambo, hapa Amu, yaani Lamu. Wateja wangu wanaokarabati nyumba za mawe siku hizi hawataki kidaka kitupu. Wanataka chombo cha Kichina ndani, kile cha seladoni, yaani cha udongo chenye mng'ao wa kijani. Ndiyo nikawa mteja wa duka moja nyuma ya Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Jina silitaji, sababu mtaiona.

Mabakuli yao mapya sina ugomvi nayo. Mazito mkononi, rangi imetulia, na kwa Sh1,200 huonewi. Kwenye chokaa nyeupe yanapendeza mno.

Ugomvi uko rafu ya juu. Kijana wa duka alinishushia bakuli kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Fundi, hili limetoka Shanga, lina miaka elfu na zaidi. Kwa kuwa ni wewe, elfu kumi na tano."

Shanga si uongo, ni mji wa kale kisiwani Pate. Huko, na kisiwani Manda pia, wachimbaji walikuta vigae vya Yue, vyombo vya mkoa wa Zhejiang, Uchina, vya karne ya 9 na ya 10. Lakini Yue ina alama zake. Udongo wake ni wa kijivu, umechomwa ukawa mgumu kama jiwe. Mng'ao wake, ule utando kama kioo juu ya udongo, ni mwembamba, kijani kilichofifia kikaelekea ukijivu. Kijani chenyewe hutokana na chuma kidogo kilichomo kwenye mng'ao, tanuri likibaniwa hewa. Hewa ikizidi, chombo kinatoka cha manjano au hudhurungi. Na mengi yalichomwa yamepandanishwa, yakitenganishwa kwa vidonge vya udongo, kwa hiyo ukiligeuza unakuta makovu.

Nikaligeuza. Hakuna kovu hata moja. Udongo mweupe pee, mng'ao mnene sawasawa kila upande, na katikati ya kitako, duara la gundi ya stika bado lanata kidoleni.

"Labda mteja fulani alibandika," akasema. Haya.

Na tuseme lingekuwa la kweli: sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 hairuhusu kitu cha kale kutoka Kenya bila kibali. Mteja wangu ni Mzungu. Angelibeba kwenye begi, kesi ingenirudia mimi niliyemnunulia.

Anayetaka kuona vyombo vya kale, aende Makumbusho ya Lamu pale ufukoni, aangalie kwa macho yake.

Nawapa nyota tatu, zote za mabakuli mapya na ufungaji. Wanazungushia magazeti, wanapanga kwenye boksi la maandazi, na mzigo wangu ulifika Shela kwa punda bila ufa. M-Pesa wanapokea. Bei ya kwanza msikubali, na adhuhuri msiende, wamefunga kwa sala.