Spitfire ya Tamiya 1/48: mrejesho wangu baada ya kurudi mikono mitupu

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna jamaa yangu aliniuliza kama hii Spitfire Mk.I ya Tamiya inamfaa mtu anayetaka kuingia mashindano ya klabu ya modeli kwa mara ya kwanza, nikamwambia ngoja niijenge kwanza. Sasa nimeijenga, nimeipeleka mezani kwa majaji na nimerudi bila hata cheti, kwa hiyo nadhani mrejesho umeiva.

Kwa wageni: Spitfire ni ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na hii ni modeli yake ya plastiki inakuja vipande vipande kwenye boksi, unakata unasafisha unaunganisha kwa gundi unapaka rangi. Wenzetu wanaita "kit", kwa matamshi yetu kiti, mimi nitasema boksi tu maana nilipompigia mama Tanga nikamwambia nimenunua kiti cha pauni 30 na ushee akajua nimevuta sofa. Na kiukweli hii fani wengi tuliianza utotoni bila kujua kama ina jina, gari la kopo la mafuta, matairi ya ndala, stelingi ya waya mrefu unasukuma huku unakimbia na kuungurumisha mdomo. Tofauti ni kwamba huku Coventry, Uingereza, wazee wastaafu wanaipimia kwa rula.

Kipimo cha 1/48 maana yake ndege halisi imepunguzwa mara 48. Spitfire yenyewe ina mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo ya kwangu inatoka kama sentimita 23 na kidogo, inakaa vizuri juu ya sahani ya wali. Tamiya, hao wa Shizuoka kule Japani, walishatoa Spitfire ya kipimo hiki miaka ya tisini ila hii ni kalibu mpya kabisa ya 2018, kwa hiyo ukinunua ya mkononi mwa mtu angalia boksi vizuri usiuziwe ya zamani.

Ukifungua unakuta fremu za plastiki ya kijivu, kioo cha rubani, kibati chembamba cha chuma chenye mikanda ya kiti, stika za maji (unaziloweka ndo unabandika) na karatasi ya kufunika vioo wakati wa kupaka rangi. Hiyo karatasi imechorwa tu haijakatwa, unakata mwenyewe kwa wembe mpya. Usifanye ukiwa umetoka shifti ya usiku.

Sasa tuje kwenye utamu. Vipande vinavyokutana bwana, we acha. Chumba cha rubani unakijenga pembeni kama kakibanda, kiti, usukani, ubao wa saa, kisha unakifunga katikati ya pande mbili za bodi na unasikia kale kasauti ka "tik", basi, kimekaa. Hakuna kulazimisha, hakuna kufunga na mpira wa suruali usiku kucha. Ile gundi yao ya kifuniko cha kijani ni nyepesi kama maji, hupaki kwanza halafu ukabandika, unakutanisha vipande vikavu ndo unagusisha ncha ya brashi kwenye ufa, gundi inakimbia yenyewe mpaka mwisho na kuyeyusha plastiki vikawa kitu kimoja. Nilinunua puti nikijua nitaziba mianya, mpaka leo tyubu haijafunguliwa.

Na hapo ndo penye mtego ambao hakuna aliyeniambia. Hizi modeli zimebanwa sana, nafasi kati ya kipande na shimo lake ni ndogo kiasi kwamba hata unene wa rangi unaleta noma. Mimi nilipaka praima (ile rangi ya kwanza ya kushikia), nikapaka rangi ya tumboni, rangi ikaingia kwenye mashimo ya miguu ya magurudumu, sikuona tatizo. Usiku wa kuamkia mashindano saa saba nimetoka kazini nachomeka mguu wa kushoto naona unagoma kama nusu milimita hivi, nikasema aah kidogo tu, nikadondoshea supagluu, nikalala.

Dawa yake ni rahisi na ningeijua mapema ningekuwa naongea mengine saa hizi: kila sehemu inayopokea gundi kwangua rangi kwa ncha ya kisu mpaka uone plastiki tupu, ndo uchomeke. Dakika tano.

Asubuhi nikaibeba kwenye boksi la viatu. Ukumbi ni wa kawaida tu, meza zina vitambaa vyeusi, kila modeli na kadi yake, na kuna sheria moja haina mjadala, HUGUSI. Majaji wanatembea wawili watatu na vitochi vidogo kama vya madaktari wa masikio. Nilidhani wataanza kuangalia uchakavu niliouchora, masizi ya eksozi nilivyoyapuliza kwa eabrashi (kale kabomba ka kupulizia rangi) taratibu taratibu, kumbe wala. Wanaanza na msingi: imenyooka? unaona mshono? kuna alama ya kidole kwenye gundi? Mzee mmoja akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na meza, akafumba jicho moja, akaangalia ndege kwa mbele kama anayepanga shabaha. Nikajua nimekwisha.

Spitfire miguu yake imeanzia karibu na bodi na inakunjwa kwenda nje, kwa hiyo ikisimama inasimama kwa miguu iliyokaribiana kama mtu kabanwa na haja. Ukikosea kidogo upande mmoja ndege nzima inaonekana inachechemea. Yule mzee hakusema neno, aliandika tu. Baadaye akaja kwa upole akaniambia, kijana bawa lako la kushoto liko juu, halafu angalia herufi za ubavuni. Nikaangalia kwa kitochi chake, daah, chini ya stika kuna ukungu mweupe, hewa imenaswa. Hilo nalo kosa langu, nilibandika stika juu ya rangi isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo ina vinyweleo, hewa inajificha humo. Unatakiwa upake vanishi ya kung'aa kwanza, mimi sasa hivi natumia X-22 ya Tamiya hao hao, ikauke kabisa, ubandike stika na ile dawa ya kulainisha, ndo mwisho ufunike na vanishi butu, yaani isiyong'aa. Nilijua yote haya. Nilikuwa na haraka.

Aliyeshinda kundi letu alileta kandege ka 1/72, boksi la kampuni ya Airfix la kawaida kabisa, hakuna mbwembwe, ila imenyooka kama imepigwa pima maji.

Kitu kingine ambacho anayeanza akifikirie: Spitfire kwa Waingereza ni kama Simba na Yanga kwetu, kila mtu ni mtaalamu. Wanajua iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, wanajua aliyeibuni, R.J. Mitchell, alifariki 1937 kabla vita haijaanza, na wanajua kivuli gani cha kijani ni sahihi. Nilitumia rangi za Tamiya, namba XF-81 kwa kijani na XF-52 kwa udongo, chini XF-21, hapo hawakuwa na neno. Ila ukitaka kupumua kidogo peleka ndege ambayo jaji hajailalia na kuiamkia toka ana miaka saba.

Duka nililonunulia silitaji, la mtandaoni, boksi lilikuja limebonyea kona na kioo kiko salama kwa bahati tu. Nashauri ukipata duka la kuingia kwa miguu ingia, au subiri yale maonyesho makubwa ya modeli ya kila Novemba mjini Telford, huku huku Uingereza, kule unashika boksi mwenyewe na kupatana bei uso kwa uso.

Je, inunuliwe? Inunuliwe, tena na anayeanza. Ila ajue tu boksi hili halikupi kisingizio, huwezi kusema plastiki ilikuwa mbovu au vipande havikukutana. Kila ubovu unaouona kwenye ile ndege yangu nimeuleta mwenyewe. Nane na nusu kwa kumi, hiyo moja na nusu nimekata kwa sababu ya bei, watoto wa ndugu zangu kule nyumbani hawataigusa kwa bei hiyo.

Mguu nao naushughulikia. Supagluu ikipigwa baridi kali inakuwa kama kioo, ukiisukuma kidogo inaachia, kwa hiyo juzi nikaifunga ndege kwenye mfuko nikaiweka kwenye friza kati ya kibua na mfuko wa njegere nikaenda kuoga. Natoka naitwa jikoni, mke wangu kashika mfuko juu juu kwa vidole viwili.

"Baba Imani, na huyu tunamkaanga au tunamtia nazi?"