Photopea na flashi za wateja: uzoefu wangu dukani

Nina duka la steshenari, kompyuta moja yenye RAM ya GB 4, na wateja wanaotokea na flashi dakika za mwisho. Msimu wa harusi ukifika, kazi kubwa ni kadi za michango. Mtu analeta PSD (faili la Photoshop linalotunza picha kwa leya, yaani matabaka) aliyotengenezewa kwingine, anataka jina la mwenyekiti wa kamati libadilishwe na namba ya mweka hazina iongezwe, halafu nakala 200 ziwe tayari kabla ya kikao cha jioni. Programu kubwa ya kufungulia PSD sina, na hata ningekuwa nayo mashine hii ingehema. Kwa hiyo natumia Photopea, ile aliyoianza Ivan Kutskir mwaka 2013, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu.

Sifa zake za kuhariri picha mtazisikia kwa wengine. Mimi nataka kueleza faili linaingiaje humo na linatokaje, maana hapo ndipo nilipoliwa hela.

Aliyenifanya nilifikirie jambo hili ni mama mmoja aliyeleta kadi yenye picha ya binti yake.

"Mwanangu, hiyo si intaneti? Picha isije ikazagaa kabla hata ya sendofu."

"Haiendi kokote, mama."

"Utajuaje?"

Nikazima hotspoti ya simu mbele ya macho yake. Photopea ilikuwa imeshafunguka tangu asubuhi. Nikachomeka flashi, nikafungua PSD yake ya MB 180, ikaja na leya zake zote. Nikabadilisha jina la mwenyekiti huku alama ya mtandao imekatwa msalaba. Mama akatazama simu, akatazama skrini, akavuta kiti akakaa. Kazi yote inafanywa na kompyuta yangu. Ukurasa ukishapakiwa, hauna haja ya kutuma picha popote. Na bando langu likabaki salama, jambo ambalo kusema kweli lilinifurahisha mimi kuliko yeye.

Sasa kuhusu kuingia. Ukurasa wa wavuti umefungiwa ndani ya kivinjari, hauwezi kuchungulia diski yako. Mpaka wewe mwenyewe ufungue dirisha la kuchagua na ubofye faili: chukua hili. Hata hapo hauambiwi faili limekaa folda gani. Kwenye fomu za kawaida za kupakia mafaili, ukurasa ukiuliza faili limetoka wapi, kivinjari kinaujibu C:\fakepath\ halafu jina la faili. Ni anwani ya uongo iliyowekwa makusudi ili mpangilio wa diski yako usijulikane. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimepata virusi.

Kutoka ndiko kulikonitesa. Kivinjari nilichokuwa nacho zamani, kila nikibonyeza Ctrl+S ili kuhifadhi, kilinishushia nakala mpya: kadi.psd, kadi(1).psd, kadi(2).psd. Siku hiyo nilifika kadi(6). Nikafungua kadi(4) nikidhani ndiyo ya mwisho, nikaitoa kama PDF, nikaprinti nakala 200 zenye namba ya mweka hazina wa kwanza, aliyekwisha kuondolewa kwenye kamati. Karatasi nzito, wino, na aibu. Nililipa mwenyewe.

Nikahamia Chrome. Tangu toleo la 86, Oktoba 2020, ukurasa unaweza kuomba ruhusa ya kuandika kwenye faili lilelile ulilolifungua. Ctrl+S ya kwanza inaleta swali dogo kama unakubali mabadiliko yahifadhiwe. Ukikubali, kazi inarudi moja kwa moja kwenye flashi. Ukifunga tabo zote za tovuti hiyo, ruhusa imekwisha. Tangu toleo la 122 la mwaka 2024 unaweza kupewa pia chaguo la kuruhusu kila utakaporudi, lakini kompyuta ya duka inashikwa na kila mtu, sikulichagua. Edge nayo inafanya hivyohivyo. Firefox na Safari hazijaufungua mlango huu; zinaipa tovuti ghala lake la ndani tu, si mafaili yako, kwa sababu za usalama. Siwalaumu. Kijana wangu wa dukani, anayejifunza kuandika programu kwenye vscode.dev, tovuti ya kuandikia programu ndani ya kivinjari, alitaka kuipa folda nzima ya Downloads. Chrome ikakataa, ikisema humo kuna mafaili ya mfumo. Akatengeneza folda ndogo humohumo ndani, ikakubali. Ningekuwa mimi nisingeipa hata hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Chrome inapohifadhi, haiandiki juu ya faili lako papo hapo. Inaandika kwanza kwenye faili la pembeni, kadi.psd.crswap, ikimaliza ndipo inabadilishana. Mteja mmoja alikuwa ana haraka, bodaboda inamsubiri nje, nikachomoa flashi mapema. Jioni akapiga simu: "Kaka, humu kuna faili silielewi." PSD yake ilikuwa nzima, ila ni ileile aliyokuja nayo; masahihisho yangu yote yaliishia kwenye lile la pembeni. Flashi za bei rahisi zinaandika polepole sana, nawe unaona skrini imetulia ukadhani kazi imekwisha.

Mengineyo ni madogo. Fonti isipokuwepo inabidi uwe na TTF yake (faili la fonti) uiingize mwenyewe, la sivyo maandishi yanabadilika sura. Matangazo yanakaa upande wa kulia, na ukilipia yanaondoka.

Naipa nyota nne. Kabla sijagusa chochote nanakili PSD ya mteja kwenye diski, maana sasa Ctrl+S inaandika juu ya ile ya kwake na hakuna tena kadi(1) ya kukimbilia. Na flashi naichomoa baada ya kufungua folda na kuona .crswap imepotea, bodaboda apige honi asipige.